Kuwasha pedali ya gitaa uliyotengeneza kwa betri: kuanzia kofia ya betri hadi kufunga boksi

Karibu kila pedali ya kutengeneza nyumbani (kile kiboksi cha kubadili sauti kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya, yaani ampu) inayofika mezani kwangu inalia vizuri ikiwa kwenye adapta. Balaa huanza mwenyewe anapotia betri. Moja haiwaki kabisa. Nyingine inawaka, ila betri inakata roho kati ya ibada ya Jumapili na mazoezi ya Jumatano. Nyingine inachemka. Sakiti ya sauti watu wanaiweza, kwa sababu mchoro unaonyesha kila kitu. Nyaya za umeme ndizo zinazowashinda, maana michoro mingi inaishia kwenye alama ya +9V na kumwacha mtu ajue mwenyewe hizo volti zinatoka wapi.

Mwongozo huu ni wa pedali ya kawaida ya volti 9, zile za kukuza au kukwaruzisha sauti: busta, ovadraivu, distoshen, au fazi ambayo hasi ya betri inaungana na boksi. Fazi za zamani za transista za jamanium aina ya PNP, ambazo chanya ndiyo inayoungana na boksi, zina habari yao, nitaigusa mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Betri ya volti 9, ile ya mstatili inayotiwa kwenye maiki zisizo na waya. Chukua ya alkalaini.
- Kofia ya betri yenye waya mwekundu na mweusi.
- Soketi moja ya stereo ya milimita 6.35 kwa upande wa gitaa. Ya upande wa ampu iwe mono.
- Soketi ya adapta ya milimita 2.1, yenye mwili wa plastiki na miguu mitatu.
- Dayodi 1N5817.
- Kapasita ya mikrofaradi 100, volti 25.
- Rizista ya omu 100 ya kupimia, na ya kilo-omu 4.7 kwa ajili ya taa.
- Mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, risasi, utepe wa umeme na kipande cha sponji.
- Kebo ya gitaa ya kawaida. Utaihitaji wakati wa kupima, kwa hiyo usiiache stoo.

Mita si ya hiari. Ya bei ya chini kabisa inatosha, lakini bila mita utakuwa unabahatisha, na betri moja ikiungua kwa kubahatisha imekaribia bei ya mita yenyewe.

## Hatua ya 1: Ipatie betri nafasi kabla ya kutoboa boksi

Boksi linalotumika sana ni la alumini la saizi ya 1590B, takribani milimita 112 kwa 60, kimo 31. Betri ina urefu wa karibu milimita 48, upana 26 na unene 17. Kwa macho inaenea. Ukishaweka swichi ya mguu, soketi mbili, potenshometa na bodi, haienei.

Panga vyote ndani ya boksi tupu vikiwa bado havijalehemiwa, betri ikiwa na kofia yake kichwani, kisha chora matundu. Kofia na mkunjo wa nyaya zake vinaongeza sentimita moja hivi ambayo wengi huisahau. Ukiona unalazimika kuisukuma betri kwa kidole gumba ili kifuniko kifunge, tafuta boksi kubwa zaidi. Kifuniko kinachobana betri siku moja kitatoboa utepe na kugusa vichwa vyake.

## Hatua ya 2: Usiamini rangi ya waya

Kwenye betri, kichwa kidogo cha mviringo ni chanya na kile kikubwa chenye pembe ni hasi. Kwenye kofia ni kinyume: kifungo kikubwa hukamata kichwa kidogo. Hapo ndipo mtu anayekagua kofia peke yake anapojichanganya.

Bana kofia kwenye betri, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu ya mita kwenye waya mwekundu na nyeusi kwenye mweusi. Betri mpya ya alkalaini itasoma kati ya 9.3 na 9.6, bila alama ya kutoa. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, kofia imeunganishwa kinyume kiwandani. Nimeshakutana nazo, kwa hiyo sekunde kumi hizi sizionei uchungu.

Ukimaliza, toa betri. Haitarudi hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Soketi ya gitaa ndiyo swichi ya betri

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo, kwa hiyo tulia.

Pedali haina kitufe cha kuzima umeme. Swichi ya mguu inachagua tu njia ya sauti: ipite kwenye sakiti au iizunguke. Ukiikanyaga na taa ikazimika, sakiti bado inakula betri kimyakimya. Kinachokata umeme ni kuchomoa kebo ya gitaa, na hilo halitokei lenyewe. Lazima uliunganishe.

Soketi ya stereo ina miguu mitatu. Mmoja umeungana na ncha ya plagi, wa pili na pete, wa tatu na shina. Kebo ya gitaa ni mono, plagi yake haina pete; mahali ambapo pete ingekuwa pana shina refu la chuma. Ukiichomeka kwenye soketi ya stereo, shina hilo linagusa mguu wa pete na mguu wa shina kwa pamoja. Chuma cha plagi kimekuwa daraja.

Basi unganisha hivi:

1. Waya mweusi wa kofia uende kwenye mguu wa pete, peke yake. Waya huo usiguse kitu kingine chochote.
2. Hasi ya bodi iende kwenye mguu wa shina.
3. Waya wa sauti unaokwenda kwenye swichi ya mguu utoke kwenye mguu wa ncha.

Kebo ikiwa nje, hasi ya betri inaning'inia hewani na hakuna kinachotumika. Kebo ikiingia, daraja linafunga na sakiti inaamka.

Kuujua mguu upi ni upi usitegemee picha, kwa sababu watengenezaji hawapangi sawa. Weka mita kwenye mlio (inalia ncha zake mbili zikiwa zimeungana), chomeka kebo ya gitaa kwenye soketi, gusa ncha ya plagi ya upande wa pili wa kebo kwa waya mmoja wa mita, na kwa mwingine gusa miguu ya soketi mmoja mmoja. Unaolia ndio wa ncha. Hamishia waya ule wa kwanza kwenye shina la plagi: sasa miguu miwili italia. Chomoa kebo, kisha pima kati ya kila mmoja wa hiyo miwili na kola ya nje ya soketi, pale nati inapofunga. Unaolia ni shina. Mwingine ni pete.

Kosa linalojirudia: mweusi wa betri kulehemiwa kwenye shina. Pedali inafanya kazi vizuri tu, ndiyo maana mtu hashtuki. Pedali yangu ya kwanza niliifunga hivyo hivyo. Niliipiga Jumapili, nikachomoa kebo, nikaitia begini taa ikiwa inawaka. Busta ile ilikula miliampea 1, taa ikala 7. Betri ya miliampea-saa 500 hivi ukiigawa kwa 8 unapata saa 62. Hesabu mwenyewe kuanzia Jumapili jioni, utaona inaangukia siku gani.

Onyo la boksi la plastiki: kwenye boksi la chuma, shina la soketi ya gitaa na la soketi ya ampu yanakutana kupitia boksi lenyewe. Kwenye plastiki hayakutani. Vuta waya kati yao. Nami huuvuta hata kwenye la chuma, kwa sababu rangi ya boksi huzuia mgusano na nati hulegea.

## Hatua ya 4: Soketi ya adapta

Kama hutatumia adapta kamwe, ruka hatua hii na upeleke waya mwekundu moja kwa moja kwenye dayodi ya hatua ya 5.

Adapta za pedali kwa kawaida zina hasi katikati na chanya nje, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani. Soketi ina pini ya katikati, bati la nje linalogusa plagi, na mguu wa tatu ambao unagusa bati la nje pale tu ambapo hakuna plagi. Plagi ikiingia, mguu huo unaachana na bati. Ndio utakaolinda betri yako.

- Pini ya katikati: kwenye hasi ya bodi.
- Bati la nje: kwenye dayodi, kuelekea bodi.
- Mguu wa tatu: waya mwekundu wa kofia (usiulehemu bado, subiri kipimo cha hatua ya 6).

Kuitambua ni rahisi. Soketi ikiwa tupu, miguu miwili inayolia pamoja ni bati la nje na mguu wa tatu. Chomeka plagi ya adapta (adapta yenyewe isiwe ukutani) na mlio unakatika. Kisha gusa chuma cha nje cha plagi: kinacholia nacho ni bati la nje.

Kwa nini usiunganishe chanya mbili pamoja tu? Kwa sababu adapta itajaribu kuichaji betri ya alkalaini, na betri hiyo haikuundwa kuchajiwa. Itavimba, itavuja, na ikizidiwa itapasuka.

Kwa nini soketi iwe ya plastiki? Kijana mmoja aliniletea pedali imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akaniambia, "Fundi, hii ikikaa kidogo inachemka." Nikafungua kifuniko: lebo ya betri imejikunja, kofia imelainika, na soketi ya adapta ni ya chuma kitupu, imekazwa kwa nati kwenye boksi la chuma. Chanya iko nje ya soketi, soketi inagusa boksi, boksi ni hasi. Kila akichomeka gitaa alikuwa anapiga shoti betri yake. Sakiti yenyewe haikuwa na kosa hata moja, alikuwa ameilehemu vizuri kuliko mimi.

## Hatua ya 5: Dayodi na kapasita

Dayodi inazuia umeme wa kinyume. Unapopapasa kofia gizani nyuma ya jukwaa, vifungo hugusa betri kinyume kwa nukta moja, na transista au aisii (chipu) haihitaji zaidi ya hapo kufa.

Iweke mfululizo kwenye njia ya chanya, kati ya bati la nje la soketi ya adapta na bodi, mstari wake ukielekea bodi. Hapo inalinda dhidi ya betri na adapta kwa pamoja. Nasema 1N5817 badala ya 1N4001 kwa sababu hii inakula volti 0.2 hivi wakati ile inakula 0.6. Kwenye adapta tofauti hiyo huioni. Kwenye betri inayoshuka kila siku, ni saa kadhaa za kupiga.

Kapasita inafuata baada ya dayodi, kati ya chanya na hasi ya bodi. Ubavu wenye mstari na alama za kutoa ni hasi. Kazi yake kwenye betri ni kusaidia pale betri inapochoka: ukinzani wa ndani hupanda na pedali huanza kutoa mlio wa *put-put-put* kama boti la injini. Usiweke kapasita ya volti 10. Betri mpya tu ina 9.5, na adapta mbovu hupita hapo kirahisi.

## Hatua ya 6: Pima kabla hujaamini

Betri ikiwa nje, weka mita kwenye omu, nyekundu kwenye chanya ya bodi na nyeusi kwenye hasi. Namba itaanza chini kisha ipande, kwa kuwa mita inaijaza kapasita. Ikitulia kwenye maelfu ya omu, sawa. Ikiganda karibu na sifuri, una shoti. Tafuta tone la risasi lililoruka kati ya njia mbili za bodi. Usisogee mbele.

Sasa pima pedali inakula kiasi gani. Wengi hugeuza mita kwenye miliampea, wakajisahau na kuiweka kwenye vichwa vya betri, fyuzi ya mita ikaenda. Fanya hivi badala yake: usilehemu waya mwekundu wa kofia kwenye soketi ya adapta bado. Unganisha kati yake na soketi ile rizista ya omu 100. Bana betri, chomeka kebo upande wa gitaa, kisha pima volti kati ya ncha mbili za rizista. Kila volti 0.1 ni miliampea 1.

Taa ikiwa imezimwa, busta au fazi ya transista moja mbili itaonyesha kati ya 0.05 na 0.2. Pedali yenye aisii ya TL072 itaonyesha karibu 0.3 au 0.4. Ukiona inazidi volti 2, chomoa betri papo hapo. Pedali za aina hii hazili hivyo.

Halafu jaribio kuu: chomoa kebo ya gitaa huku ukiangalia mita. Lazima isome 0.00. Ikibaki na chochote, rudi hatua ya 3, kwani mweusi uko mahali pasipo pake.

Ukiridhika, toa rizista na ulehemu mwekundu moja kwa moja. Kwa betri mpya, chanya ya bodi itasoma 9.1 hadi 9.3.

## Hatua ya 7: Punguza ulafi wa taa

Michoro mingi inaweka rizista ya kilo-omu 1 kwenye taa ya LED. Volti 9 ukitoa 2 za taa, unabaki na 7; kwa kilo-omu 1 hizo ni miliampea 7. Busta yenyewe inakula 1. Kwa maneno mengine, betri nzima inatumika kuwasha taa, na sauti inapewa makombo.

Weka kilo-omu 4.7. Taa itakula 1.5 hivi, na pedali iliyokuwa inadumu saa 62 itafika karibu 200. LED za kisasa zenye mwanga mkali zinaonekana vizuri jukwaani hata kwa kilo-omu 10, na mpiga gitaa hataki tochi machoni.

## Hatua ya 8: Kufunga

Funga utepe wa umeme ndani ya kifuniko pale betri itakapolala, na mwingine juu ya kofia. Bandika sponji ili betri isicheze. Betri inayogonga ndani ya boksi hukata nyaya za kofia pale zinapotokea, na nyaya hizo ni nyembamba. Mimi hufunga fundo moja kwenye nyaya karibu na kofia ili mvutano uishie kwenye fundo.

Funga skrubu, tikisa boksi sikioni. Kimya. Chomeka gitaa, chomeka ampu, kanyaga: taa inawaka, sauti inakuja bila mlio. Utagundua pia kwamba ule mvumo wa adapta haupo tena.

## Ikigoma

Haiwaki kwa betri, kwa adapta inawaka. Mara nyingi kebo imechomekwa kwenye soketi ya ampu badala ya ya gitaa, au haikuzama hadi mwisho. Ikiwa sivyo, angalia plagi yenyewe: ikiwa na mistari miwili myeusi ni ya stereo, haiwezi kuwa daraja.

Haiwaki kwa vyote viwili. Dayodi imegeuzwa.

Inawaka kwa betri, ukichomeka adapta inazimika. Adapta ina chanya katikati. Dayodi imekuokoa, badilisha adapta.

Sauti imefifia na kukwaruza. Pima betri *pedali ikiwa inafanya kazi*. Betri iliyochoka ikipumzika hudanganya. Ikishuka chini ya 7.5, distoshen nyingi hubadilika. Busta na ovadraivu hubanwa kwanza.

## Betri ipi

Geuza betri usome ubavuni. 6LR61 ni alkalaini. 6F22 ni ya zinki-kaboni, inadumu kidogo na inavuja upesi, hata ikiwa na jina la kampuni kubwa na rangi za kung'aa. Wapo wapenzi wa fazi wanaoipenda hii ya pili kwa jinsi inavyolegea. Nimejaribu, tofauti ipo ila si ya kugombania.

Kama unapiga kanisani, zungumza na mtu wa mitambo. Maiki zisizo na waya hubadilishiwa betri kabla ya ibada hata zikiwa na nguvu, kwa kuwa hakuna anayetaka mhubiri akatike katikati. Betri inayotolewa ikiwa bado na volti 8.5 itaisukuma busta yako wiki nyingi.

Za kuchaji za NiMH huandikwa 8.4 au 7.2 na hubeba chini ya nusu ya alkalaini. Chukua za 8.4. Zile za lithiamu zinazochajiwa kwa USB zina kipandishi cha volti ndani, na pedali ya geini kubwa (inayokuza sauti sana) hukitafsiri kuwa mluzi.

## Zisizofaa, na ile fazi ya jamanium

Dilei na riva (pedali za mwangwi) zinazotumia aisii ya PT2399 zinakula makumi ya miliampea. Betri itakupa saa chache tu. Hizo ziache kwenye adapta.

Fazi ya PNP ya jamanium yenye chanya kwenye boksi: kila nilichosema juu ya mwekundu na mweusi kinageuka. Mwekundu ndio unaokwenda kwenye pete, dayodi inageuzwa, kapasita inageuzwa. Usiipe soketi ya adapta kabisa. Ukiichanganya na pedali nyingine kwenye adapta moja, boksi moja likiwa chanya na jingine hasi, kebo inayoziunganisha itakuwa shoti. Hii ndiyo pedali ambayo betri ni makazi yake halisi.

Na usibebe betri ya akiba mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Vichwa vyake viwili viko upande mmoja, na sarafu moja inatosha kuvigusisha. Ninabaki na vile vifuniko vya plastiki vinavyokuja na betri mpya.